Matofali Yangu Ishirini

Nilisoma miaka mitatu tu, na sitaki huruma ya mtu. Nyumba ninayokaa nilijenga mwenyewe, mabati nilipigilia mwenyewe. Kwa hiyo ninaposema najua namna mguu wa mtu unavyojifunza, sikuisoma popote. Nilifundishwa na ndoo ya maji.

Katika karakana ya kumiminia chuma, hapa Likasi, tulibeba chuma kilichoyeyuka wawili wawili, chombo katikati, mpini mrefu huku na huku. Ukijikwaa, mwenzako anaungua. Mzee aliyetupokea kazini hakutueleza mguu uende wapi. Alitupa ndoo iliyojaa maji hadi mdomoni, akatawanya matofali chini, akasema, "Mupite." Macho yabaki kwenye maji. Tukimwaga, tunajaza, tunaanza upya. Na tulipoanza kuizoea njia, kesho yake tulikuta matofali yamehamishwa. Tulimchukia sana. Lakini miaka yangu yote pale sikumwunguza mtu.

Waliponipa timu ya mpira ya kampuni niifundishe, nilipeleka matofali ishirini uwanjani kwa toroli. Wachezaji walikuwa wanaume wa karakana, watu wazima. Kila mmoja mpira mguuni, apite katikati ya matofali, macho kwangu. Mimi nainua vidole, yeye anataja ni vingapi. Kila siku matofali mahali pengine. Leo nayasogeza karibu karibu, kesho namwaga maji ule udongo mwekundu uteleze. Mpira mmoja umejaa upepo, mwingine umelegea, mwingine wa matambara. Mazoezi yangu yalikuwa mabaya kutazama, nakubali. Watu wanaanguka, mipira inakimbilia barabarani, wanawake wanaopita na mabeseni wanatucheka.

Siku moja kipa wetu akanipigia kelele toka golini, "Muzee, unafundisha mpira ama unajenga nyumba?"

"Najenga nyumba," nikamwambia, "na weye ndio mulango. Kila kitu inapita."

Kapiteni nilimtoa mwenyewe kwenye benchi. Alikuwa fundi wa kuchomelea, hodari, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Kwa miezi nilimzibia upande wa kulia kwa matofali, asipate njia ila ya kushoto. Sikumwambia neno. Akahangaika, akatukana, kisha siku moja bega la kulia likashuka, mwili wote ukadanganya unaenda kulia, na mpira ukatokea kushoto. Ule mgeuko hata mimi nilikuwa sijauona. Alijizalia mwenyewe, mimi nilifunga njia nyingine tu. Akaanza kuniita Papa, yaani baba. Kila Jumapili baada ya misa alikula bukari, ule ugali wetu, kwangu, na mke wangu alimwekea mboga kabla yangu.

Kisha kazi ikafa. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulifika kama kawaida, lakini mashine zilikuwa zimenyamaza. Tulikwenda kila asubuhi kwa miguu, tukakaa juu ya masanduku kutazamana. Majina yakaanza kukatwa kwenye orodha. Kampuni ikasema timu itabaki na kocha mmoja, na jina la huyo halitakatwa. Tulikuwa wawili: mimi, na bwana mmoja aliyerudi kutoka Lubumbashi na diplomu ya michezo, ambaye alikuwa na sisi wiki tatu. Nikishindwa, basi mimi ni mtu wa kukaa mlangoni na kusalimia wapita njia.

Haki ilikuwa tupimwe kwa mechi. Wakubwa wa kamati ya timu wakasema hapana, wataangalia mazoezi, nusu saa kila mtu. Hapo nilipaswa kukataa. Niliringa, nikakubali.

Bwana wa diplomu alipanga vibendera kwa mstari, nyoofu kama viti vya kanisani. Filimbi, pita. Filimbi, rudi. Njia ileile, mwendo uleule, na hakuna aliyepoteza mpira. Kamati ikapiga makofi. Sasa nani atapoteza mpira kwenye njia anayoijua?

Wakaja kwangu. Watu wangu wakaanguka kama kawaida, na mpira mmoja ukaenda kuangusha chupa ya bia ya mkubwa wa kamati.

"Hii ni mazoezi ao ni fujo?" akauliza, akijipangusa suruali.

"Mukubwa, mtu akifaulu kila mara hajifunze kitu. Uliza kapiteni. Ule mugeuko wake, alipatia wapi."

Kapiteni akaja, kofia mkononi.

"Sema," mkubwa akamwambia. "Nani alikufundisha?"

Hakunitazama. "Ni Bwana Kocha," akasema, akamwonyesha yule wa diplomu.

"Na huyu muzee?"

"Muzee anatuchezeshaka tu."

Kipa alikuwa pale, na wengine wote. Wakainamia kufunga kamba za viatu. Baadaye nilisikia kapiteni aliahidiwa kwamba jina lake nalo halitakatwa. Inawezekana. Angekuja nyumbani akaniambia, ningemtukana, kisha ningemwelewa. Hakuja. Jina langu likakatwa wiki hiyo hiyo. Nikarudisha matofali nyumbani kwa toroli, na njia nzima sikumsalimia mtu.

Timu ikaenda kucheza Kakanda, kwenye uwanja wa mawe na mashimo, ikafungwa vibaya. Nilikwenda, sifichi, nikasimama nyuma ya watu. Mpira ulirukaruka, na watu wangu wa zamani walisimama kama wanangoja filimbi. Mara moja tu kapiteni alibanwa na watu wawili upande wa kulia. Bega likashuka, akatokea kushoto, akafunga goli letu la pekee. Akakimbia kumkumbatia bwana wa diplomu.

Siku chache baadaye nikasikia hodi.

"Papa."

"Papa yako iko kule na diplomu."

Akacheka kidogo, mimi sikucheka. "Kocha anaomba matofali."

Mke wangu akasema toka jikoni, "Usimupe hata moja." Nikampa yote. Nilitaka kuona kama ataniuliza yanawekwa namna gani, yanahamishwa lini. Ningemweleza, Mungu anajua, hata baada ya yote. Alipakia ishirini, akasema merci, akaenda.

Baada ya muda nilipita uwanjani. Wameyapaka chokaa, meupe, yanapendeza. Wameyapanga mstari mmoja, na kila moja wamelichimbia chini lisitikisike. Kapiteni alikuwa anapita katikati bila hata kuangalia, mguu wa kulia, wa kulia, wa kulia. Akaniona, akasimama na mpira. Mguu wangu ulitaka kuingia, ning'oe hata tofali moja nimwekee pale kulia kwake.

Kisha nikakumbuka kwamba mimi nachezesha tu. Nikaenda zangu.