Mheshimiwa Hakojoi

Bwana Faili alifanya kazi masijala miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kugongwa muhuri. Alistaafu, akarudi nyumbani na tabia zake zote. Ndiyo maana kikundi cha wafugaji wa mtaani kilipopata beberu mmoja wa pamoja, wa kupanda mbuzi wa wanachama wote kumi na wanne, hakuna aliyejisumbua kutafuta katibu. Beberu alifungwa uani kwa Bwana Faili, na faili lake likafunguliwa siku hiyohiyo.

Alikuwa beberu haswa. Mweusi, kifua mbele, harufu yake unaipata kabla hujakunja kona. Watu walimwita Mheshimiwa, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Bwana Faili akatunga kanuni, na ya nne ndiyo iliyopendwa kuliko zote: mwanachama anayeleta mbuzi wake kupandwa asije mikono mitupu, aje na kopo la pumba au mahindi yaliyoparazwa, kwa heshima ya Mheshimiwa. Na watu unawajua, mambo yakifika kwenye heshima hakuna anayetaka kuonekana mchoyo. Kopo likawa ndoo. Majani yakaonekana ni chakula cha mbuzi wa kawaida. Maji nayo hayana mwenye kuyaleta kwa mbwembwe, kwa hiyo siku nyingine yalijazwa, siku nyingine yalisahaulika.

Banda lilifagiwa na dada yake Bwana Faili, mjane aliyehamia kwake mwaka juzi. Yeye hakuwa mwanachama. Hakuwa na mbuzi wala kiti kikaoni. Alikuwa na ufagio.

Jumatano moja asubuhi Bwana Faili alimkuta Mheshimiwa amesimama pembeni, mgongo umepinda kama upinde, miguu ya nyuma kaitupa mbali, mkia unachezacheza. Alikuwa anajikamua, anaguna, anapumzika, anajikamua tena. Mahindi ya jana hakuyagusa. Bwana Faili akatazama saa, akafungua daftari, akaandika: *Saa mbili na dakika kumi. Anajikamua. Choo hakitoki.*

"Kaka," dada akasema akiwa mlangoni, "leo hili banda..."

"Subiri dada, naandika."

Basi likishaandikwa na Bwana Faili, limeandikwa. Choo hakitoki, na siku nzima ikafuata nyuma ya neno hilo.

Kanuni ya saba ilisema Mheshimiwa hapewi dawa bila kikao cha watu wanane. Wakaitwa. Mwenyekiti, mshona viatu, alikuja na msumari mdomoni. Mama wa mkaa alikuja na mikono yake myeusi. Wakaketi kwenye benchi uani, mgonjwa akiguna nyuma yao.

"Kavimbiwa huyo," mwenyekiti akasema. "Mimi mwenyewe nikila mahindi usiku, asubuhi hali ni hiyohiyo."

"Anyweshwe mafuta ya kupikia," akasema mama wa mkaa. "Baba mkwe wangu alikunywa, akalala siku tatu."

"Akapona?"

"Kwani alikuwa anaumwa? Alikosea chupa."

"Tuko saba," Bwana Faili akakumbusha. "Akidi haijatimia."

Mheshimiwa akatoa mlio mrefu, wa kibinadamu kabisa.

"Na huyo je, hahesabiwi?" mama wa mkaa akauliza.

Wa nane alifika saa nne. Nusu chupa ikapitishwa kwa kauli moja, Mheshimiwa akanyweshwa, akakohoa, akawatazama kwa huzuni. Saa tano alikuwa amelala chini, anasaga meno, kila mara anageuza shingo kulitazama tumbo lake.

"Mafuta yanafanya kazi," mwenyekiti akasema.

"Nina neno," dada akasema.

"Dada yangu," Bwana Faili akamjibu kwa upole, "wasio wanachama huzungumza kwenye mengineyo."

"Basi fikeni upesi huko kwenye mengineyo, maana huyu hafiki!" Akaingia bandani na ufagio wake. "Mimi nafagia hapa kila siku. Kila asubuhi hii kona ni bwawa, nakanyaga mikojo ya Mheshimiwa wenu mpaka kandambili zinanuka. Leo pakavu. Mavi yapo, nimeyazoa kwa mkono wangu, yako nyuma ya nyumba, mwenye shaka akayahesabu. Choo anapata. Kinachomshinda ni mkojo." Akapiga magoti, akainua nywele za chini ya tumbo la beberu. Zilikuwa kavu, na kwenye ncha zake kulikuwa na chembechembe kama chumvi ya mawe.

Bwana Faili akaishika simu, akampigia daktari wa mifugo.

"Mara ya mwisho amekojoa lini?" daktari akauliza.

Bwana Faili akafunua daftari. Kurasa mia mbili: nani kaleta mbuzi gani, nani kaleta kopo la nini. Mkojo haukuwa na safu yake. Akampa dada simu.

"Jana jioni nilimwona," dada akasema. "Na yalikuwa matone tu."

"Msimpe kitu kingine chochote, wala msimbonyeze tumbo. Kibofu kikipasuka, nitakuja kutoa pole tu."

Daktari, mwanamke mwembamba mwenye buti kubwa, alifika na pikipiki yake. "Mkalisheni kama mtu," akaamuru. Bwana Faili akakaa chini kwenye mavi na shati lake la pasi, akampakata Mheshimiwa kifuani. Daktari akamchoma sindano ya ganzi, akauvuta uume nje taratibu, na nchani kabisa kikaonekana kijinyama chembamba kama uzi, kimevimba. Ndani yake kulikuwa na kijiwe kisichofika punje ya mchele. Akakikata kijinyama.

Shingo zote zikainama.

Tone moja. La pili. Halafu mkojo ukaruka kama bomba lililopasuka, ukampata mwenyekiti, ambaye kwa cheo chake alikuwa amesimama mbele kabisa.

"Endelea, Mheshimiwa," mwenyekiti akasema bila kujifuta. "Endelea, baba."

"Mnamlisha nini?" daktari akauliza.

"Pumba na mahindi," Bwana Faili akajibu kwa sauti ndogo. "Kwa heshima."

"Hiyo heshima yenu ndiyo mawe haya. Nafaka basi. Majani, chumvi ya kulamba, na maji safi muda wote. Na msishangilie: anaweza kuziba tena, na safari hiyo hatakuwa na kijinyama cha kukata. Mtazameni akojoe."

Walipoondoka wote, Bwana Faili akamfuata dada yake jikoni.

"Nimefuta kanuni ya nne."

"Vizuri."

"Na nimekuandika uwe mwanachama."

"Nifute. Nikikaa nanyi kwenye benchi, nani ataangalia sakafu?"

Kesho yake, hata chai hajanywa, Bwana Faili alikuwa amechuchumaa bandani, macho yamemtoka, anamtazama Mheshimiwa sehemu isiyotazamwa.

"Kojoa, ndugu yangu," akambembeleza. "Hata kidogo."

Mheshimiwa akamkodolea macho, hakufanya lolote.

"Mpe mgongo, kaka!" dada akaita kutoka uani. "Hivyo unavyomtolea macho, hata wewe ungeweza?"

Bwana Faili akageukia ukuta. Akangoja. Na sauti ilipokuja, ndefu, ya kumwagika bila haraka, alibaki vilevile ameelekea ukutani, mkono mdomoni, mpaka tone la mwisho.