Maji ya Samaki wa Mama

Wengine wakikumbuka utoto wanasikia harufu ya maandazi ya bibi zao. Mimi nasikia klorini. Kipindupindu kilikuwa kinaingia mji wetu wa Uvira kama mgeni mwenye funguo zake mwenyewe, na kila kilipoingia, vijana wenye makoti meupe walisimama pale watu wanapochota maji ziwani, bomba la sindano lililojaa klorini mkononi. Kila bidoni, dumu la maji, iliyotoka majini ilipigwa sindano yake kabla haijafika nyumbani. Tuliinywa dawa ile mpaka nadhani mbu walioniuma mimi walikufa wakiwa safi.

Lakini kwetu, mtaa wa Kimanga, kulikuwa na maji ya aina mbili: maji ya watu na maji ya samaki. Mama alifuga samaki wa mapambo sebuleni, katika masanduku sita ya vioo yaliyobanana na viti mpaka wageni wakakaa kiubavu. Hawakuwa ndagala wa kukaanga. Walikuwa samaki wadogo wa miambani, wa njano, wa mistari, wengine wakiishi ndani ya makombe ya konokono na kuyagombania kama wapangaji. Mnunuzi mmoja wa Bujumbura aliwachukua na kuwasafirisha Ulaya, ambako, kwa maneno ya Mama, walilala vizuri kuliko sisi. Nao walikuwa na madeko kuliko bibi harusi. Maji ya mvua yaliwaua kwa kuwa laini mno. Walitaka maji mazito, yenye chokaa, kama ya ziwa lenyewe. Na kwa kuwa klorini ingewaua, maji yao yalichotwa mbali, nyuma ya mawe, ambako vijana wa sindano hawakufika. Kwa miguu yangu ya miaka kumi, mwendo huo ulikuwa kama kwenda Kalemie na kurudi.

Aliyeyajua maji hayo ni Neema, binti wa mama mdogo, aliyeletwa kwetu kutoka kijiji cha Mutarule baada ya wazazi wake kufariki. Alinizidi miaka miwili, nami nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Kila asubuhi alichovya karatasi ndogo ya kupimia, akangoja ibadilike, akailinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kikopo chake, akaandika daftarini. Ikielekea njano badala ya bluu, alijua maji yanapoteza nguvu. Aliongeza vipande vya makombe vilivyooshwa, akabadilisha maji robo tu, kamwe si yote kwa mkupuo. Mama alikuwa ametamka mbele yetu sote: mnunuzi akiwakuta samaki wazima, Neema atabaki kwetu, atafanya mtihani wa la sita na kuingia sekondari. Wakifa, atarudi Mutarule kulima kwa baba yake mkubwa. Na Mama alikuwa mtu ambaye akisema kesho itanyesha, mawingu yanaanza kukimbizana.

Mimi nilimchukia Neema kwa moyo mkunjufu kabisa. Mwalimu alimsifu, Mama alimsifu, nina hakika hata samaki walimsifu. Wiki moja kabla ya mnunuzi kufika, alikuwa na masomo ya marudio, akaniomba nimchotee bidoni mbili ndogo.

“Nyuma ya mawe, eh? Usichote kwa wale watu wa dawa.”

“Weye unafikiri minye ni mujinga?” nilimjibu, nikaenda moja kwa moja kwa watu wa dawa.

Kijana alipiga sindano yake. Nikamwambia, “Ongeza, kaka, kwetu tuko wengi.” Akacheka, akaongeza. Je, nilijua ninachofanya? Nilijua nusu. Nilitaka samaki wawili watatu walegee, Neema agombezwe, nami nile ugali wangu nikitazama. Niliyagawa maji yale kwenye masanduku yote sita, kwa haki, nikaenda kuruka kamba.

Jua halijazama walikuwa wamekwisha. Walipanda juu wakitweta, wakazunguka kama walevi wa Jumamosi, wakageuza matumbo. Mama alitoka sokoni, akasimama mlangoni na kikapu bado kichwani.

“Ni nani alitia ile maji?”

Neema alinitazama. Nami nikamtazama, uso wangu ukiwa wa malaika.

“Ni Yaya,” nikasema. “Ile njo kazi yake.”

Mama hakumpiga, na heri angempiga. Alimpa beseni, akamwamuru awatoe mmoja mmoja akiwahesabu kwa sauti, majirani wamejaa mlangoni. Walizidi mia mbili. Kila aliporuka namba, Mama alimrudisha kwenye moja. Mimi nilishika beseni nikilia machozi ya kujaza mto Ruzizi, na majirani wakanisifu kwa huruma yangu. Asubuhi Neema alipandishwa lori la kwenda Mutarule. Mtihani ulikuwa umebaki siku chache.

Nilimaliza masomo yangu nikiwa mtu mzima, shule ya jioni, na siku ya kupata diploma nilipiga vigelegele ambavyo ng'ambo ya ziwa walidhani ni king'ora. Huko ndiko mwalimu wa kemia alikotueleza kwamba klorini hutoka majini yenyewe: acha ndoo wazi juani siku mbili, basi. Darasa zima liliandika. Mimi nilishika kalamu tu.

Mwaka jana nikamkuta Neema huko Kamanyola, anauza nyanya karibu na mpaka. Nilikuwa na hotuba ndefu tayari.

“Yaya, siku ile ya samaki…”

“Minye nilijua palepale,” alisema, akiendelea kupanga nyanya. “Hakuna mutu wa kulilia samaki vile kama si yeye aliwaua.”

“Na hukusema?”

“Ningesema kwa nani? Ile ilikuwa mama yako.” Akafuta mikono kwenye kitenge. “Binti yangu anamaliza la sita. Huku sekondari iko mbali. Kwako iko nafasi?”

Nina nyumba ya matofali yenye vyumba vitano, na kimoja kinakaliwa na viti vilivyovunjika. Nilimwambia nitamuuliza mume wangu. Zamani, ili kumnyima Neema shule, ilinibidi nitembee juani, nidanganye, nilie mbele za watu. Siku hizi inatosha kunyamaza. Mume wangu ni mtu mwema. Angekubali kabla sijamaliza sentensi, na ndiyo sababu mpaka leo sijamuuliza.