Lipstiki ya Mama, Ndonya ya Bibi

Harufu ya maganda ya korosho yakiungua ikinipata popote, mkono wangu wenyewe huenda kwenye mkoba kutafuta lipstiki. Sitaki hasira yangu ipoe, nawaambia ukweli.

Kule Chilangala, Mama alipaka lipstiki nyekundu kila siku, hata ya kwenda kuokota korosho. Baba alishamzoea. Shangazi yangu Mama Hamisi, aliyeolewa Masasi mjini, hakumzoea. Siku moja tulikuwa uani tunabangua korosho, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze. Shangazi hakutaka majivu, eti yanamchafua. Akamsema Mama weee mbele ya majirani, kisha akainuka, akamfuta mdomo kwa vidole vile vile vilivyolowa mafuta. Kufikia jioni midomo ya Mama ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge. Mama akaitupa lipstiki chini ya kitanda, nami nikaapa kulipiza, ingawa sikujua mtoto hulipizaje.

Bibi, mama yake shangazi, alikuwa na tundu kwenye mdomo wa juu, la kuvalia ndonya, kile kipande cha mti kilichokuwa urembo wa wasichana wa enzi zake. Wageni wa mjini wakija, shangazi humwambia ajifunike mdomo kwa kanga, naye hujifunika. Wiki ile wakaja wakwe zake shangazi. Bibi akanituma lipstiki chini ya kitanda. Akaipaka taratibu kuzunguka tundu lote, akachomeka na ndonya yenyewe, akatoka uani kanga ikiwa begani.

Wakwe wakampa shikamoo, macho chini. Shangazi aliganda na sinia la chai.

"Marahaba," Bibi akajibu, kisha akamgeukia bintiye. "Mama Hamisi, njoo unifute na mimi."

Hakumfuta. Nilicheka mpaka nikafukuzwa. Kesho yake Mama akapaka tena.

Nilidhani Bibi alimlipizia Mama. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba alijilipizia mwenyewe, kwa miaka yote ya kufunikwa mdomo na mtoto aliyemzaa.

Siku hizi shangazi hainuki kitandani, na mimi ndiye ninayemnywesha uji. Kabla ya kuingia chumbani kwake hujipaka nyekundu ya kutosha. Naonja kwanza kama uji umepoa, nageuza kikombe, nampa anywee pale pale ilipobaki alama ya mdomo wangu.