Askari Aliyeturudishia Punda

Mwezi uliopita, hapa Sultan Hamud ninapouza dawa za mifugo, mwanamke mmoja alipiga nduru ng'ambo ya barabara. Kijana alikuwa amemnyakulia mkoba. Wateja wangu wawili, wazee wenye heshima zao waliokuja kununua dawa ya kupe, waliacha chupa mezani wakatoka mbio. Mimi nilifunga mlango kwa ndani, nikaketi sakafuni na kuziba masikio kwa viganja. Nina miaka ishirini na saba, nina mume na mtoto, na bado naikimbia sauti hiyo. Nitakuambia kwa nini, ila wa kwetu wasijue kwamba nimesema.

Nilikulia kusini mwa Kitui, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Mutomo, nikilelewa na nyanya yangu. Sisi Wakamba tunamwita nyanya Susu. Kijijini kwetu nduru ilikuwa na sheria kali kuliko za kanisa. Ikipigwa, unatoka, na unatoka na chochote kilicho mkononi. Mzee Kimeu, shemasi wetu, aliwahi kuitika nduru akiwa na povu la sabuni kichwani na shuka kiunoni, akafukuza fisi hivyo hivyo mbele ya akina mama wa kwaya. Asiyetoka alitozwa mbuzi, na baada ya mbuzi bado aliangaliwa kwa jicho baya, kwa kuwa aliyesikia akanyamaza ni mwenzake mwizi. Susu alinifundisha kuipiga nikiwa na miaka sita. Alinisimamisha nyuma ya zizi, akaniambia nijaze kifua.

"Piga kwanza," alisema. "Maswali yatakuja na watu."

Nilipokuwa na miaka tisa, punda walianza kuibwa. Ilisemekana wanachinjwa porini na nyama yao inauzwa mijini kama ya ng'ombe, na kweli mara mbili tulikuta kwato na vichwa vichakani, nzi wamejaa. Kama hujaishi mahali ambapo maji yako mbali, huenda ukacheka mtu akilia kwa sababu ya punda. Wetu aliitwa Tajiri. Susu alikuwa akisema kwamba boma letu lina tajiri mmoja tu na anakula majani. Alipoibwa, Susu alirudi kubeba mtungi mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, umri wake ukipita sitini. Sikuwahi kumsikia akitukana kabla ya wiki ile.

Tuliripoti. Askari waliandika, wakasema watakuja, hawakuja. Kisha wakaja watu wawili wasiokuwa na sare, wakajiita askari, wakamchukua punda wa Mzee Kimeu eti ni ushahidi. Huyo ushahidi hakuonekana tena. Tangu hapo watu waliapa kwamba mgeni mwingine akija na hadithi ya uaskari, ataisimulia akiwa chini.

Ilikuwa Jumamosi, jua la saa sita. Susu na wenzake walikuwa wakilima shamba la jirani, mimi nikibaki kuchagua mbaazi. Mwanamume alikuja kwa njia ya nyuma, mrefu, vumbi hadi kwenye nyusi. Alivua koti lake akalitundika kwenye ua, akaniomba maji. Maji hanyimwi mtu. Nilimpa kikombe, akanywa, akanirudishia kwa mikono miwili kama vile mimi ndiye mtu mzima.

"Asante sana, mtoto mzuri. Mkubwa wako ako wapi? Na punda pia wako na kiu, huko nyuma."

Nilizunguka nyuma ya jiko. Punda watatu walikuwa wamefungwa kwa kamba moja, na wa katikati alikuwa Tajiri. Sikuhitaji kumtazama mara mbili. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika tangu utoto wake.

"Unawajua?" mtu yule aliuliza, akanifuata akitabasamu. "Usiogope. Mimi ni askari. Wezi walikuwa wamewaficha huko kwa msitu, mwenzangu amewafuata na pikipiki. Niitie mtu mkubwa, mwenye anajua hawa ni wa nani."

Kiswahili chake hakikuwa cha kwetu. Nilimtazama viatu, nikamtazama shati, nikatafuta kofia ya serikali nisiione. Nilijaza kifua kama nilivyofundishwa. Nilipiga nduru ambayo sijaipiga tena maishani, ikaenda mabonde mawili, na nilipomaliza pumzi ya kwanza nikapiga ya pili.

Jambo ambalo sijalisamehe hadi leo ni kwamba hakukimbia. Watu walipotokea kila upande na majembe na marungu na mawe, yeye alisimama pale akiwa ameshika kamba ya punda, uso umemng'aa. Alidhani wamekuja kuchukua wanyama wao. Aliinua mkono kuwasalimu.

"Karibuni, karibuni! Kila mtu aangalie wake!"

Jiwe la kwanza lilimpata begani.

"Mimi ni askari!" alipiga kelele.

"Askari wa kurudisha punda?" mmoja alijibu, na watu wakacheka. Walicheka kweli. "Huyo ametoka serikali gani?"

Kicheko hicho nakielewa, na kinaniumiza kuliko mawe. Kwetu mwizi mwenye punda watatu aliaminika. Askari aliyetembea porini nusu siku ili Susu asibebe maji mgongoni, huyo hakuna aliyewahi kumwona. Alipogundua kwamba hawamsikii, ndipo akakimbia, akashuka kuelekea mto mkavu, na kijiji kizima kikashuka nyuma yake.

Nilibaki uani na koti. Nililishusha nikitaka kuwapelekea, nionyeshe kwamba ni mimi niliyemkamata. Lilikuwa zito upande mmoja. Mfukoni kulikuwa na pingu, na kadi yenye picha yake na nembo ya serikali, akiwa amevaa kofia ile ile niliyoitafuta.

Nilikimbia hadi mchangani. Wamemzunguka, vumbi limepanda, siwezi kumwona. Niliinua pingu juu kwa mikono yote miwili nikapiga kelele hadi koo likaniwasha.

"Ni polisi! Ni polisi kweli! Ako na pingu!"

Mapigo yalikatika. Kwa muda wa kama kumeza mate mara tatu hapakuwa na sauti mtoni, ila punda mmoja aliyekuwa akilia juu kwenye boma. Nilidhani wamechoka na wanapumzika. Kisha Susu alitoka katikati ya lile duara, jembe mkononi, akanifunika kichwa kwa lile koti na kunikokota hadi nyumbani, na nyuma yetu nikasikia kazi ikianza upya. Aliliweka koti motoni jikoni, na kadi ndani yake. Pingu alizitupa chooni.

"Nimewaambia ni polisi," nilisema nikilia.

"Hakuna aliyekusikia," alisema. "Kelele zilikuwa nyingi. Sauti yako ni ndogo."

Yule askari alikuwa amekufa kabla mwenzake hajarudi na pikipiki. Jioni ile tulipika kwa maji yaliyoletwa na Tajiri.

Polisi walikuja na lori. Wanaume walilala vichakani wiki mbili, na akina mama waliobaki nyumbani walisukumwa na kufokewa, na kila mmoja akaulizwa swali moja: nani alipiga nduru? Kila mmoja alijibu jibu moja, kwamba nduru haina mwenyewe. Waliokamatwa waliachiliwa kwa kukosa shahidi. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri kwamba haraka haraka haina baraka, tukaimba, tukatoa sadaka.

Mke wa yule askari alikuja mara moja tu, ameshikwa mkono na chifu. Alikuwa na binti wa rika langu, amevaa sweta ya shule siku ambayo si ya shule. Mama yule hakulia. Aliwauliza akina mama, kwa upole kama mtu anayeulizia njia, kama kuna yeyote aliyesikia maneno ya mwisho ya mume wake. Wote walitazama chini wakasema hawajui Kiswahili. Wanawake ambao kila Jumanne walibishana na wachuuzi sokoni Mutomo kwa Kiswahili bila kuhema! Mimi nilikuwa nakijua, nilikuwa wa pili darasani. Nilijificha nyuma ya Tajiri. Yule msichana aliniona miguu, na akaendelea kuitazama hadi walipoondoka.

Baada ya hapo nilipendwa ajabu. Mzee Kimeu aliniletea mayai. Mke wake alinishonea rinda. Kwenye harusi nilipewa firigisi, ambayo ni haki ya wazee, na mwaka huo nilinenepa hadi mwalimu akanitania kwamba nimeolewa na tajiri. Niliona kwamba wananihurumia kwa sababu sauti yangu haikutosha. Hilo ndilo nililolala nalo miaka yote. Kumpigia mtu nduru nilikuwa nimeweza, ikasikika mabonde mawili, lakini kumwokoa nikashindwa kufikisha sauti hatua ishirini. Shuleni nilikataa kuimba. Kanisani nilifungua mdomo bila kutoa kitu. Mume wangu alipokuwa akinichumbia aliwaambia rafiki zake kwamba amepata msichana mpole.

Mwaka jana Susu alilazwa Mutomo. Nilikwenda kila Ijumaa. Ijumaa moja nilimkuta macho makavu, anatazama dari, na uji wake nilioubeba kwenye chupa ukiwa bado moto. Sikuwa nimemuuliza chochote.

"Mwende," aliniita kwa jina langu. "Siku ile ya mto. Tulikusikia."

Nilimwuliza nani alisikia.

"Wote. Ulisema vizuri sana. Hata rungu la Kimeu lilisimama juu. Yule mtu alikuwa bado anapumua, na alikuwa anatuangalia. Kimeu akasema, huyu akiamka atatutaja mmoja mmoja. Tukaangaliana. Mimi nikatoka nikakushika wewe."

"Ungewaambia waache."

"Nilikuwa nimeshapiga, mwanangu. Jembe langu lilikuwa na damu."

Sasa nimeelewa, na sijui kama kuelewa kumenisaidia. Nduru yangu ilikuwa kosa la mtoto. Kilichofuata baada ya kile kimya hakikutokea kwa kukosea. Kilifanywa na watu wazima walionipakata na kunifundisha Baba Yetu, wakiwa na akili zao timamu, wakijua jina la kazi ya mtu aliyelala mchangani. Kisha wakanifungasha hatia yao pamoja na mayai, mtoto wa miaka tisa, nikaibeba na kushukuru.

Nilimchukia. Nasema hivyo wazi, nilimchukia Susu pale kitandani, na nikataka kumwuliza jina la yule askari kama analikumbuka, nikijua halikumbuki, maana hata mimi niliacha lichomwe bila kulisoma. Alifungua mdomo kidogo, akangoja. Uji ulikuwa unapoa, na hakuwa na mtu mwingine wa kumlisha. Nilichukua kijiko.