Nyundo ya Mkwe

Wateja wakija kijijini kwetu Suma kuagiza milango huchungulia nyuma yangu wakimtafuta fundi. Huwa nawaacha wachungulie mpaka shingo ziwaume. Fundi ni mimi. Na nyundo hii ya mti wa mpera, ambayo mpini wake umeliwa na kiganja hadi ukaacha kibonde, ilikuwa ya baba mkwe wangu. Nasimulia habari yake kwa sababu wapo wanaosema niliiiba.

Nilipoolewa nilikuta nyumba inayoshika kutila, ile mila yetu Wanyakyusa ya mke kumwogopa baba wa mumewe. Humtazami, hupiti mbele yake, hulitaji jina lake. Wasichana wa mjini siku hizi wanaicheka, ila kwetu haikuwa ya kuchekwa. Sasa banda la useremala la mzee lilikuwa katikati ya jiko langu na bomba la maji. Ningepitaje? Nilipita kwa masikio. Nyundo ikilia, ko, ko, ko, najua mzee ameinamia patasi yake, nachukua ndoo napita nyuma ya banda. Ikinyamaza, nasimama papo hapo kwenye migomba kama mwizi wa ndizi.

Siku moja ilinyesha mvua, na mvua ya kwetu mnaijua. Bati lilipiga kelele nikajidanganya kwamba nasikia nyundo. Kumbe mzee alishaacha kazi. Tukakutana kwenye kona, uso kwa uso! Nilitupa ndoo, nikajifunika khanga, nikatimua mbio hadi kwa jirani. Mama mkwe alinisema wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo, kila mvua iliponyesha, mzee aligonga nyundo kwenye nguzo ya banda, kwa nguvu, hata kama hakuwa na kazi ya kufanya. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilijua mwenyewe.

Kitu ukikisikiliza miaka tisa kinakuingia. Nilijua mlio wa patasi inayokula mbao vizuri, nilijua na mlio wa patasi iliyogonga fundo. Nikaanza kujaribu nyuma ya jiko, kwa patasi kuukuu na kipande cha kuni. Kigoda changu cha kwanza kilivunjika mume wangu akiwa amekikalia, akaenda chini na chai yake. Cha pili anakikalia mpaka leo.

Kisha mzee akapata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Akawa analala kwenye chumba kilichopakana na banda, ukuta wa mbao tu katikati. Mabenchi ya kanisa aliyoyaanza yalibaki nusu. Shemeji yangu mkubwa akaja kutoka Tukuyu na kutangaza kwamba vifaa vyote vitakwenda kwa fundi mmoja rafiki yake. Mume wangu akakohoa. Basi, kikohozi tu! Nilipandwa na hasira. Nyundo iliyonilinda miaka yote hiyo, leo ibebwe kwenye gunia?

Kesho yake asubuhi niliingia bandani, nikachukua nyundo na patasi ya mzee, nikaanza kutoboa tundu kwenye mguu wa benchi. Mama mkwe alikuja ameshika kichwa.

"Mwanangu, hata kivuli chake hukikanyagi. Leo ushike mpini wake?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba mila imenikataza kumtazama, haijanikataza kufanya kazi. Na kama ipo inayokataza kazi, hiyo moja nitaivunja. Akaondoka akinung'unika Kinyakyusa, nami nikaendelea kugonga.

Shemeji akafika na gunia lake. Alikamata kichwa cha nyundo, mimi nimeshika mpini. Akavuta. Sikuachia. Akasema namdhalilisha baba yake, na kwamba mzee akisikia atakufa kwa aibu. Hapo alinichoma, maana ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu asubuhi: kwamba nyuma ya ukuta ule wa mbao mzee anasikia kila pigo, na anaona aibu.

Ubao ukagongwa kutoka ndani, mara moja. Halafu sauti ya mzee, nzito kwa ugonjwa, ikamwita mwanawe.

"Patasi hiyo ni butu," alisema. "Mwambie ainoe kwanza."

Shemeji akaachia nyundo. Akabaki ananitazama, gunia limeanguka miguuni. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Lakini sikuligusa jiwe la kunolea. Mkwe hasemi na mkamwana moja kwa moja, ametuma mtu, na aliyetumwa alikuwa amesimama mbele yangu.

"Shemeji, umetumwa," nikamwambia. "Haya, niambie."

Aliangalia ukuta. Aliangalia mlango. Kisha akaniambia.

Nikainoa.