Bakuli la Arlys Tjaden

Watu wa Aldenburg, huko Iowa, kila mtu alikuwa na mizani yake ya kumpimia mgombea urais. Huyu aliuliza kodi, yule bei ya mahindi, na Duane kinyozi aliwahi kumkataa seneta mzima kwa sababu ya viatu. Arlys Tjaden, mpishi mstaafu wa shule, alitazama bakuli.

Kila wagombea walipomiminika mjini kutafuta uteuzi wa chama, Arlys aliwaokea pai ya tufaha mmoja mmoja, akazipeleka ofisini mwao katika mabakuli ya kioo yenye jina lake chini, kwenye plasta. Halafu alisubiri. Asiyerudisha bakuli la jirani utampaje nchi? Mabakuli kumi na tisa yalikwenda, halikurudi hata moja. Ndiyo maana kila mkutano wa kura, ambapo watu hujipanga makundi kwa wagombea wao ili wahesabiwe, alikaa kona ya wasioamua, peke yake kama kuku mgonjwa. Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini ilimuuma. Alitamani, mara moja tu kabla hajafa, asimame na wenzake nyuma ya mtu anayemwamini.

Mumewe, Verlyn, alikuwa na wazimu wa Gavana Pruett. Alibandika picha zake hadi kwenye banda la kuku.

"Njoo kwetu mwaka huu, mke wangu. Tusipofika watu kumi na tano, kundi letu linavunjwa."

"Bakuli langu liko wapi?"

"Wewe mwanamke! Mtu ana bajeti ya taifa kichwani, akumbuke bakuli?"

"Mimi nilipikia watoto mia mbili, na nilikumbuka nani hali karanga."

Siku ya mkutano mlango uligongwa. Arlys alipofungua hakuona mtu, ila bakuli lake kwenye theluji, limeoshwa, limefungwa gazeti, na karatasi: "Ahsante sana kwa pai. Pruett." Alilikumbatia, machozi yakamlengalenga. Verlyn akatokea nyuma ya nyumba, theluji magotini.

"Kuna nini? Aa! Si nilikwambia ni mtu wa watu?"

Arlys akafungua gazeti. Mlikuwa na mayai sita, maana kwao nako chombo hakirudi kitupu. Mayai yenyewe ya rangi ya buluu. Mji mzima hapakuwa na kuku wa kutaga mayai hayo ila wa Arlys, na mwokotaji wake kila asubuhi alikuwa Verlyn.

"Mungu ambariki," alisema Arlys, akaenda kuvaa koti.

Katika ukumbi wa michezo wa shule, mwenyekiti Lorraine alihesabu makundi. La Pruett lilikuwa na watu kumi na wanne. Verlyn alimpungia mkewe mikono yote miwili. Arlys, bakuli kwapani, akampita, akaenda kukaa kona yake ileile.

"We Arlys!" Duane akapaza sauti. "Si tumesikia umerudishiwa bakuli?"

"Nimerudishiwa. Na aliyelirudisha ndiye ninayemtaka. Verlyn Tjaden."

Ukumbi ukaangua kicheko. Lorraine akapekua kitabu cha kanuni.

"Lakini Verlyn hagombei."

"Hiyo ni kasoro yake moja. Ya pili, ni mwongo asiyejua kudanganya."

Masikio ya Verlyn yakawa mekundu. "Umejuaje?"

"Mayai, Verlyn."

Akafikiri kidogo. "Lo."

Kundi la Pruett likavunjwa kwa upungufu wa mtu mmoja, na kumi na watatu wakavutwa huku na huku na makundi mengine kwa biskuti. Verlyn alibandua beji kifuani, akakunja kiti chake, akavuka ukumbi macho ya watu wote yakimfuata, akakikunjua ubavuni mwa mkewe.

Arlys akauliza kwa sauti ya chini, "Ulilikuta wapi?"

"Ofisini kwao. Mbwa wao alikuwa akilinywea maji." Akakohoa. "Nimeliosha mara tatu."

Arlys alimtazama yule mzee, suruali bado mbichi kwa theluji, akamwekea bakuli mapajani alishike.

Lorraine akafika na kalamu yake. "Wasioamua, wawili. Samahani, hamtoshi."

"Futa hapo," Arlys akamwambia. "Sisi tumeshaamua."