Kupanda Mgeta Bila Kupita kwa Mjomba

Mke wangu, Mama Tekla, ni fundi wa kushona, na mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Ndivyo tulivyojuana hapa Morogoro mjini, na ndivyo tunavyoishi: yeye anaziendesha, mimi nazirudisha kazini. Kisha vidole vyake vikaanza kuvimba, kwanza asubuhi tu, baadaye kutwa nzima. Hospitali wakasema ni baridi yabisi, ugonjwa wa kukaa nao, wakampa vidonge na kutuonya asiviache. Hakuviacha. Maumivu yalipungua, lakini vidole vilizidi kujikunja, hadi ikafika siku mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa ukamponyoka mbele ya mteja aliyeleta kitambaa cha gauni la kipaimara la bintiye. Yule mama aliuokota, akasema pole, akakunja kitambaa chake na kukipeleka kwa fundi mwingine.

Jioni ile mke wangu aliniambia kwamba kwao Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, yuko bibi mmoja aitwaye Leokadia anayejua dawa ya viungo. Aliwahi kumtibu marehemu mama yake. Nikasema basi twende. Akasema niende peke yangu, yeye vile vilima haviwezi tena. Halafu akaongeza neno.

"Ukifika, Baba Tekla, usipite kwa mjomba."

"Nisipite? Si ndiye aliyenioza?"

"Mzee ana kazi zake. Wewe nenda moja kwa moja kwa Bibi, chukua dawa, rudi."

Nilikubali. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na kwetu mke akiumwa, mume ndiye anayehangaika. Hakuna wa kumwuliza anahangaikia wapi. Ninyi ndugu zangu wa huko mlioniuliza safari ilikuwaje, naomba mkumbuke neno hilo la kwanza, maana mkanganyiko wote ulianzia hapo.

Kabla ya kuondoka nilijiandaa. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, ila nimejisomea mengi, na kazi imenifundisha utaratibu. Cherehani ikiruka mshono, hubadilishi sindano, uzi na bobini kwa mpigo mmoja. Unabadilisha kimoja, unajaribu, ndipo unagusa kingine. Ukibadilisha vyote, mashine inaweza ikashona vizuri, lakini hutajua ilikuwa inaumwa nini. Kwa hiyo nilipanga maswali yangu kichwani: ni mti gani, ni mzizi au jani, inachemshwa au inasagwa, kipimo chake kiasi gani, na je, haigombani na vidonge? Hili la mwisho nilimpelekea daktari wake. Akanijibu, "Niletee jina la mti, ndipo nitakuambia." Likawa ndilo lengo langu: nirudi na dawa, na nirudi na jina.

Alfajiri nilikwenda sokoni nikapata fuso lililokuwa limeshusha kabichi na sasa linarudi mlimani na matenga matupu. Dereva alinipa nafasi mbele. Tulipoipita Mlali, barabara ikaanza kupanda, akaniuliza kama naenda kununua mboga.

"Naenda kumfuatia mke wangu dawa."

"Mke ni wa huku?"

"Wa huku huku."

"Basi wajomba zake wanakusubiri."

"Hapana, nimeambiwa nisipite kwao."

Dereva alinitazama kidogo, akarudisha macho barabarani, akafungua redio. Hakuniuliza tena kitu hadi tunafika. Nilidhani ni mtu asiyependa mazungumzo.

Mgeta ni baridi. Mashamba yamesimama ubavuni mwa mlima kama nguo zilizotundikwa ukutani, njegere hapa, karoti pale, kabichi kila mahali, na mtu anayepalilia ukimtazama kwa mbali utasema ameegemea shamba lake. Nyumba ya mjomba, Mzee Venansi, niliijua kwa bati lake la bluu. Ipo kando ya njia na haikwepeki. Nilishusha kofia usoni, nikapita haraka. Chini ya njia akina mama walikuwa wakipalilia njegere. Waliacha majembe, wakanitazama mpaka nikapinda kona.

Kwa Bibi Leokadia nilifika nimeloa jasho na huku nasikia baridi. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage, amevaa sweta la kiume, rozari shingoni.

"Tumsifu Yesu Kristu," nikabisha hodi kwa salamu yao.

"Milele amina. Karibu."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huko mjini masweta yameisha?"

Nilikaa kwenye kigoda alichonionyesha. Nikaona nianze kwa utaratibu. "Bibi, nimetoka Morogoro. Mimi ndiye mwenye mgonjwa."

"Mwenye mgonjwa," akarudia, mkono umesimama juu ya ungo. "Mgonjwa ni nani?"

"Kolumba, mke wangu. Binti wa marehemu Skolastika."

"Ala! Kwa hiyo mwenye Kolumba siku hizi ni wewe?" Alicheka mpaka akashika ubavu. "Baba, wewe ni mumewe. Mwenyewe yuko kule kwenye bati la bluu, na umempita umejifunika kofia kama mwizi wa kuku. Habari zako zimefika hapa kabla yako."

Nilijaribu kurudi kwenye maswali yangu. Ni mti gani? Ni mzizi au jani? Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akauliza la kwake.

"Mjomba wake anajua kama anaumwa?"

Siku zote nilidhani wanajua.

"Nikuambie," akasema, sasa hacheki. "Huku kwetu mwanaume akitafuta dawa ya mkewe kimya kimya, wajomba hawajui, sisi tunajiuliza: amemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, Bibi."

"Naona. Uso wako ni wa mtu aliyechoka. Lakini nikikupa jani leo, Kolumba akazidiwa kesho, nitamwambia nini Venansi? Kwamba nilimpa Mnyamwezi mmoja mpita njia?"

Akaniletea chai ya tangawizi na kiazi. Nilipomaliza akanionyesha njia niliyojia. Nilikuwa nimepanda mlima mzima, dawa iko hatua chache ndani ya nyumba ile, na ninarudishwa mikono mitupu kwenye mlango ambao mke wangu alinikataza.

Nilimkuta Mzee Venansi kando ya barabara akipanga kabichi kwenye matenga. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaendelea na kazi. Nilisimama. Lilijaa tenga moja, akavuta jingine.

"Kabichi hizi zinakwenda Dar," alisema hatimaye. "Hata zenyewe haziondoki huku bila kupita kwangu."

"Nisamehe, mjomba."

"Mababu zako walipita hapo bondeni na pembe za ndovu kichwani. Nyie Wanyamwezi kubeba mnajua. Kupiga hodi ndiko kunakowashinda."

Huo ulikuwa utani, na kwa utani wa makabila yetu sikuwa na ruhusa ya kukasirika. Lakini hakutabasamu. Nikamweleza yote: vidole, vidonge, mkasi ulioanguka. Mikono yake ilikwenda ikipungua mwendo hadi akaketi juu ya tenga.

"Tangu lini?"

"Tangu Tekla yuko sekondari." Tekla, binti yetu, sasa ameshaajiriwa.

"Alikuja hapa tulipomzika mama yake," akasema, kama anayesema na nafsi yake. "Alikaa siku zote amefunika mikono kwa kanga. Nikadhani amesahau baridi ya kwao."

Hapo nikafanya kosa la pili. Nikasema, "Ni yeye aliyeniambia nisipite kwako." Neno lilipotoka nikajua kwamba nimejisafisha mimi na kumweka yeye kwenye matope.

Mzee Venansi alisimama. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, nao ukoo huo wanauita lukolo. Mume anakaribishwa na anaheshimiwa, lakini hafuti ukoo. Na mgonjwa wa ukoo huuguzwa na ukoo. "Kesho nashuka na wewe," akasema, "na nitarudi naye."

"Mjomba, baridi hii vidole vyake haviiwezi."

"Amezaliwa ndani yake."

Nililala kwake chini ya blanketi mbili. Nilikuwa nimekuja kuchukua dawa ya mke wangu, na sasa nilikuwa nakwenda kumpelekea watu wa kumchukua yeye. Nilijaribu kutafuta ni hatua ipi niliyokosea. Nikimsikiliza mke, nimemkosea mjomba. Nikimsikiliza mjomba, nimemsaliti mke. Sikuipata hatua iliyokuwa sahihi.

Asubuhi Bibi Leokadia aliteremka mwenyewe na furushi lililofungwa kwa jani la mgomba. Alimkabidhi mjomba, mimi nikapitwa.

"Bibi, nakuomba, ni mti gani?"

"Mjomba anaujua."

"Mjomba, ni mti gani?"

"Ni dawa."

"Daktari anataka jina lake!"

Bibi akanionea huruma. "Mwambie daktari ni ya kupaka. Haimezwi. Na vidonge vyake asiache, nani kamwambia aache?" Hilo lilikuwa jibu la kwanza lililonyooka tangu nifike Mgeta, na halikuwa la swali nililouliza.

Tulishuka na fuso la kabichi. Mzee Venansi alipakata furushi njia nzima kama mtoto mchanga. Tulipofika Mlali joto likatupokea, akavua sweta.

Nyumbani, Mama Tekla alikuwa ameketi barazani. Alipomwona anayenifuata, alivuta kanga juu ya mikono yake, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mteja anayeona kitambaa chake kimeshakatwa vibaya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Lete mikono."

"Mjomba, kwanza karibu maji..."

"Mikono, Kolumba."

Akaitoa. Yule mzee aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole chake chenye udongo juu ya kila kifundo.

"Hii ndiyo uliyokuwa umeifunika msibani?"

"Ndiyo."

"Uliogopa nini?"

"Mngenichukua."

"Ndiyo, tungekuchukua."

"Basi ndiyo sababu."

"Ukaona umtume mumeo aje aibe jani."

"Nilitaka dawa ya kwetu, mjomba," akasema, na sauti yake ikaanza kukatika. "Sikutaka kurudi kwetu. Kazi yangu iko hapa. Daktari yuko hapa. Na huyu." Alinionyesha kwa kidevu.

Mzee Venansi alinigeukia. "Nawe unasemaje, mwenye mgonjwa?" Kumbe Bibi alishamsimulia.

Njia nzima nilikuwa nimeandaa hoja, moja baada ya nyingine. Zote zikanikimbia. Nikasema, "Mimi sitaki aondoke. Lakini sitaki tena aifiche mikono."

Aliitazama tena mikono ya mke wangu, bado iko ndani ya yake. Kisha akaniagiza maji ya moto na kinu. "Mgonjwa akikataa kupanda," akasema, "ukoo utashuka." Akavua viatu.

Alikaa nasi hadi furushi likakaribia kuisha. Alitwanga mwenyewe, akapaka mwenyewe, asubuhi na jioni, huku akimtania mpwawe kwamba vidole vyake vimekuwa tangawizi ya Mgeta bila ya kupandwa Mgeta. Mimi niliruhusiwa kubeba maji na kuwasha mkaa. Siku ya kliniki daktari alimkagua ngozi, akaona haina vidonda, akatuambia tuache kupaka ikianza kuwasha. Jina la mti aliniuliza, nikakosa la kumwambia. Na siku hiyo hiyo akambadilishia vidonge, akampa vya aina nyingine.

Muda si mrefu baada ya mjomba kuondoka, nikiwa nimeinamia mashine ya mtu, nilisikia mkasi ukikata kitambaa barazani. Nilijua ni mkasi upi. Ulikuwa unakwenda kidogo, unapumzika, unakwenda tena. Sikuinuka kwenda kutazama, nikiogopa kwamba nikitazama utasimama.

Mmeniuliza, ndugu zangu, kama dawa ya Uluguru ni ya kweli. Sijui. Jani, vidonge vipya na mikono ya mjomba viliingia nyumbani kwangu kwa mpigo mmoja, jambo ambalo kwenye cherehani singemruhusu mwanafunzi wangu kulifanya. Kuna asubuhi vidole vinakataa kabisa, na sijui kwa nini vinakataa, kama ambavyo sijui kwa nini jana vilikubali. Nililojifunza ni dogo na si la kitabibu: ugonjwa wa mke wangu una watu wengi kuliko nilivyodhani, na mimi ni mmoja wao.

Dawa ilipoisha nilipanda tena Mgeta, safari hii nina sweta. Nilianzia kwenye bati la bluu. Mzee Venansi aliniacha nisimame hadi akajaza matenga yake, kisha tukapanda pamoja, akina mama wa njegere wakitusalimia kwa majina. Bibi Leokadia alitutazama wote wawili, akauliza, "Haya, leo mwenye mgonjwa ni nani?"

Nikamwonyesha mjomba. Mjomba, bila kunitazama, akanionyesha mimi. Bibi alichukua panga lake kwenda kukata dawa, akatuambia tukae hapo hapo nje, wote wawili, na mtu asimfuate.